Wasomaji Wauliza: Infocom, Kampuni Iliyouza Maneno

Mwezi huu barua nyingi zimehusu kampuni moja, Infocom ya Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ilisajiliwa Juni 22, 1979, ikapata jina kwa michezo ya kompyuta iliyokuwa maandishi matupu, na ofisi yake ikafungwa Mei 1989. Kwa ambaye hajawahi kuiona: skrini inakueleza mahali ulipo, wewe unaandika amri kama "open mailbox" au "north", nayo inakujibu yaliyotokea. Tumechagua barua sita.

Nimesoma kwamba mchezo wa Zork ulitengenezwa kwenye kompyuta kubwa ya chuo, kisha ukauzwa kwa watu wenye kompyuta za nyumbani za kilobaiti 32. Uliingiaje humo? (Mwanafunzi, Dodoma)

Haukuingia wote, na hata sehemu iliyoingia haikukaa yote kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja.

Zork ulianzwa mwaka 1977 na Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling katika maabara ya sayansi ya kompyuta ya chuo cha MIT, kwenye mashine kubwa ya PDP-10. Ulipokua ulikula kumbukumbu ya kama megabaiti 1. Ili uuzike, uliondolewa baadhi ya vitu ukakatwa vipande vitatu, ndiyo maana kuna Zork I, II na III. Lakini kukata peke yake kusingetosha. Kompyuta za nyumbani za wakati ule hazikuelewana kabisa: programu ya TRS-80 haikuwa na maana yoyote kwa Apple II, kwa kuwa kila moja ilikuwa na kichakataji chake, mpangilio wake wa diski na namna yake ya kuandika kwenye skrini. Kuandika mchezo upya kwa kila mashine kungewachosha kabla hawajauza chochote.

Dawa yao ilikuwa Z-machine, iliyobuniwa mwaka 1979 na Joel Berez na Marc Blank. Hii ni mashine pepe, kompyuta ambayo hakuna aliyewahi kuiunda kwa chuma na waya. Mchezo unaandikwa kwa lugha yao, ZIL, kisha unageuzwa kuwa amri za kompyuta hiyo isiyokuwepo. Kwa kila kompyuta halisi inaandikwa programu ndogo moja tu, tuiite mkalimani, inayozisoma amri hizo na kuzitekeleza. Mchezo mpya ukikamilika, unaingia kwenye mashine zote zenye mkalimani. Kompyuta mpya ikitoka dukani, anaandikwa mkalimani mmoja na michezo yote ya nyuma inaifuata. Kadiri miaka ilivyokwenda walifikisha zaidi ya aina 20 za kompyuta.

Lililobaki ni ubanaji, na hapa ndipo kazi yao inapovutia kuliko pote. Kwa kawaida herufi moja hukaa kwenye baiti 1, yaani biti 8. Z-machine huipa herufi biti 5, ikapanga herufi 3 kwenye neno la biti 16, na biti 1 inayobaki huonyesha kama maandishi yamefika mwisho. Biti 5 hutoa nafasi 32, zinazotosha herufi ndogo 26, nafasi tupu na alama za kubadilisha safu. Herufi kubwa na nukta hugharimu mara mbili, kwa sababu lazima zitanguliwe na alama ya kubadilisha safu. Chukua "Fungua mlango." Kwa njia ya kawaida ni baiti 14. Kwa njia yao: F inakula nafasi 2, "ungua" 5, nafasi tupu 1, "mlango" 6, nukta 2, jumla 16. Ukigawa kwa 3 unapata maneno 6 ya biti 16, yaani baiti 12. Sentensi ndefu ya herufi ndogo 60 inashuka hadi baiti 40. Juu ya hapo kuna orodha ya vifungu 96 vinavyojirudia mara nyingi, na kila kifungu kinaitwa kwa nafasi 2 tu. Kifungu cha herufi 7 kikitokea mara 200, nafasi 1,000 zimeokolewa.

Kisha faili lenyewe. Toleo la 3 la Z-machine, lililobeba michezo yao mingi ya mwanzo, lina kikomo cha kilobaiti 128, vitu 255, na kila kitu kina alama 32 za ndiyo au hapana: kimefunguliwa, kinawaka, kinabebeka. Sehemu inayobadilika mchezo ukiendelea ndiyo inayokaa kwenye kumbukumbu muda wote. Mengine hubaki kwenye diski na kuletwa kwa kurasa za baiti 512 zinapohitajika. Mchezaji aliyesikia diski ikikoroma kila anapoingia chumba kipya alikuwa anasikia kurasa zikiletwa.

Kila mahali nasoma kwamba Infocom iliuawa na picha, watu wakachoka kusoma. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Picha zilikuja kummalizia mgonjwa aliyekwisha kulazwa. Jeraha lenyewe lilitoka ndani.

Mwaka 1984 Infocom ilikuwa inauza kwa karibu dola milioni 10. Lakini waanzilishi wake hawakuwa wamekusudia kubaki watengenezaji wa michezo. Michezo ilikuwa njia ya kupata fedha za kuingia kwenye programu za maofisini. Mwaka 1982 wakaanzisha kitengo cha biashara, na Brian Berkowitz na Richard Ilson wakaanza kujenga programu ya hifadhidata iliyokuja kuitwa Cornerstone. Al Vezza, mmoja wa waanzilishi, akashika uongozi na kuitilia mkazo. Ilitoka Januari 1985 kwa dola 495.

Haikuwa programu mbovu, na hilo lisemwe wazi. Mtu asiyejua kuandika programu aliweza kutengeneza orodha ya wateja au ya bidhaa na kuitafutia majibu. Tatizo ni kwamba waliijenga juu ya mashine pepe, kama michezo. Kwenye michezo mashine pepe ilikuwa neema: mchezaji anafikiri nusu dakika, anaandika maneno matatu, na jibu likichelewa sekunde moja hajali. Hifadhidata haifanyi kazi hivyo. Kila amri ya mashine pepe huhitaji amri nyingi za kichakataji halisi, maana mkalimani lazima aichukue, aitambue, atafute pa kwenda, ndipo aitekeleze. Panga rekodi 2,000 kwa jina na gharama hiyo inalipwa maelfu kwa maelfu ya mara, huku karani amekaa anasubiri.

Na alisubiri bure. Uzito ule ulibebwa ili programu iingie kwenye kompyuta za kila aina, na kufikia 1985 maofisi hayakuwa tena na kompyuta za kila aina. Yalikuwa na IBM PC na nakala zake. Wapinzani waliandika moja kwa moja kwa ajili ya mashine hiyo, wakawa wepesi. Soko la nyumbani lilikuwa bado limetawanyika, na huko mkalimani aliendelea kuwalisha. Ofisini alikuwa mzigo. Tungependa kila anayejifunza uhandisi wa programu alitazame jambo hili kwa makini: ubunifu ni uleule, wahandisi ni walewale wa kampuni moja, na thamani yake ikageuka kwa sababu hali ya soko iliyouzaa ilikuwa imekwisha.

Kulikuwa na kosa la pili. Cornerstone haikuwa na lugha ya kuiandikia programu. Washauri waliokuwa wakiishi kwa kuwarekebishia wateja dBASE, programu pinzani ya hifadhidata, hawakuona cha kufanya na programu isiyorekebishika, na hao ndio waliokuwa wakiwaambia wenye ofisi wanunue nini.

Fedha zilikuwa zimekwisha kutumika kabla ya mauzo: wafanyakazi walifika zaidi ya 100, ofisi zikawa kubwa, mikopo ikachukuliwa. Mauzo ya michezo hayakupanda ya kutosha kuziba pengo. Watu wakapunguzwa hadi kama 40, na bei ya Cornerstone ikashushwa hadi dola 99.95, wala haikusaidia. Juni 1986 kampuni ya michezo ya Activision ikainunua Infocom kwa dola milioni 7.5.

Kwa miezi michache mambo yalitulia, kwani Jim Levy aliyeiongoza Activision aliipenda kazi yao. Januari 1987 akaondoka, akaingia Bruce Davis. Infocom ikatakiwa kutoa michezo kama minane kwa mwaka, karibu mara mbili ya mwendo wake. Isitoshe, ilikuwa imezoea kuendelea kuuza michezo ya miaka ya nyuma, na sasa michezo hiyo ikaondolewa rafuni kupisha mipya. Hapo ndipo picha zilipoingia kwa nguvu: kampuni ya Sierra ilikuwa na mchezo wa picha wa King's Quest tangu 1984, na kila mwaka kompyuta zilipata rangi zaidi. Mei 5, 1989 ofisi ya Cambridge ilifungwa. Kati ya wafanyakazi 26 waliobaki, 11 waliambiwa wanaweza kuhamia California. Watano walikubali.

Kwenye mnada wa mtandaoni boksi tupu la mchezo wao lina bei chini sana kuliko lenye "vitu vyake". Vitu gani? (Msomaji, Unguja)

Ni vikorombwezo vilivyofungwa pamoja na diski. Vilianza na Deadline mwaka 1982, mchezo wa upelelezi ambao maelezo yake hayakuenea kwenye diski, kwa hiyo mahojiano ya polisi, ripoti ya maabara, picha ya mahali pa tukio na hata vidonge bandia kwenye kifuko vikatiwa ndani ya boksi. Starcross ilikuwa na ramani ya nyota yenye namba unazohitaji ili usonge mbele, kwa hiyo aliyenakili diski tu alikwama. Wishbringer ya 1985 ina jiwe dogo la plastiki linalong'aa gizani. Ukinunua, uliza kitu kimoja kimoja kwa jina na udai picha yake. Neno "kamili" peke yake halikulindi.

Nataka kucheza Zork kwenye simu janja. Je, ni halali, na nifanyeje? Nimejaribu mara mbili, programu inasema faili si sahihi. (Msomaji, Nairobi)

Kwa Zork I, II na III ni halali. Novemba 2025 Microsoft, inayoimiliki Activision tangu Oktoba 2023, iliweka msimbo wa michezo hiyo mitatu chini ya leseni ya MIT, inayoruhusu yeyote kuutumia na kuunakili. Ruhusa hiyo ni ya msimbo. Majina ya biashara na michoro ya maboksi haimo, na michezo mingine ya Infocom haikutajwa.

Unahitaji vitu viwili: faili la mchezo, lenye mwisho wa .z3, na mkalimani. Kwa iPhone tumia Frotz, kwa Android Fabularium, kwa Windows ipo Windows Frotz, na kwa Ubuntu andika "sudo apt install frotz". Ukiwa na msimbo wa ZIL badala ya faili lililo tayari, tumia ZILF, kigeuzi cha lugha hiyo: "zilf zork1.zil" kwanza, kisha "zapf zork1.zap", utapata zork1.z3.

Kosa lako tunalijua kwa dalili zake. Mara nyingi mtu hubonyeza jina la faili kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia misimbo, akahifadhi ukurasa wa wavuti badala ya faili lenyewe. Jina linakuwa sahihi, kilichomo sicho. Kagua kwenye kompyuta kwa "xxd -l 32 zork1.z3". Baiti ya kwanza lazima iwe 03, yaani toleo la 3. Ukiona 3c, hiyo ni alama ya "<" inayoanzisha ukurasa wa HTML. Rudi, tafuta kitufe cha kupakua faili ghafi. Ukiendelea kutazama mstari huohuo, baiti ya 2 na ya 3 (tukihesabu kuanzia 0) ni namba ya toleo la mchezo, na kuanzia ya 18 hadi ya 23 utasoma tarehe kwa tarakimu sita, kwa mfano 840726, Julai 26, 1984.

Mchezo ukifunguka, andika $verify kabla ya yote. Mkalimani atajumlisha baiti zote zinazofuata kichwa cha faili na kulinganisha na hesabu iliyoandikwa kichwani mwa faili. Faili lililokatika njiani hujulikana hapo, badala ya kukuangusha ukiwa umeshafika katikati ya mchezo.

Mambo matatu yatakayokusumbua baadaye. La kwanza, zima kisahihishaji cha maneno cha simu, maana kitageuza "w" na "ne" kuwa maneno mengine. La pili, mchezo uliohifadhiwa umefungwa na toleo: uliohifadhi kwenye faili la tarehe moja hautafunguka kwenye la tarehe nyingine hata kama vyumba ni vilevile, kwa hiyo usibadilishe faili katikati ya safari. La tatu, michezo ya mwanzo haijui "x" kwa maana ya kukagua, andika "examine" kwa ukamilifu, au washa Frotz ya kompyuta kwa "frotz -x zork1.z3" ili ikukamilishie.

Ukishaanza, andika "verbose" ili upate maelezo ya chumba kila unapoingia. Chora ramani kwa mkono. Kwenye mapango yanayofanana dondosha kitu kimoja kila chumba, kisu hapa, kamba pale, ili ukirudi ukitambue. Taa izime ukiwa mahali penye mwanga, betri yake ina mwisho. Alama kamili za Zork I ni 350.

Nimepata diski ya mchezo wao ya inchi 5.25, ya Apple II. Nina kiendeshi cha zamani cha PC. Naweza kuinakili kabla haijafa? (Msomaji, Muscat)

Unaweza, ila usiitie kwenye kiendeshi leo. Izungushe kwa vidole kupitia tundu la katikati huku ukitazama uso wake kwenye dirisha la kusomea, chini ya taa kali. Madoa meupe au ya kijivu ni ukungu, na ukungu hupenda joto la pwani. Ukiupitisha chini ya kichwa cha kusomea, unaukwangua utando wa sumaku na data yake, kisha unaichafua diski inayofuata. Safisha kwanza kwa pamba isiyoacha nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ukipangusa taratibu kufuata mzunguko, uiache ikauke kabisa. Kichwa cha kiendeshi nacho kisafishwe vivyo hivyo, kabla ya kila diski. Ukiona utando wa kahawia unabanduka kwenye pamba, acha.

Ziba pengo la pembeni mwa diski kwa karatasi ya gundi. Kwenye diski za inchi 5.25 pengo lililozibwa ndilo kinga ya kutoandikiwa, kinyume na tunavyodhani wengi.

Kiendeshi cha PC pamoja na kadi yake ya kawaida hakitasoma diski ya Apple, kwa kuwa Apple II huandika kwa mpangilio wake yenyewe: njia 35, sekta 16 kila njia, baiti 256 kila sekta, jumla baiti 143,360. Unahitaji kifaa kinachorekodi mabadiliko ya sumaku jinsi yalivyo, bila kujali mpangilio, kama Greaseweazle. Unganisha kwa waya bapa wa pini 34, na ukipe kiendeshi umeme wa volti 5 na volti 12 kutoka kwenye kisambaza umeme cha kompyuta. Kiendeshi cha megabaiti 1.2 kina njia 80 nyembamba, kwa hiyo lazima kiruke njia moja kila hatua: "gw read --tracks=c=0-34:h=0:step=2 --revs=5 diski.scp". Ukisahau step=2, nusu ya njia zitatoka tupu au zimechanganyika, nawe utadhani diski imekufa. Mizunguko 5 kwa kila njia inatoa nafasi ya kupata usomaji mzuri pale ambapo sumaku imefifia. Hifadhi faili hilo la .scp hata kama hujui kulifungua. Kuligeuza kuwa picha ya diski ya Apple kunaweza kufanyika mwaka ujao, kuisoma diski kunaweza kusiwezekane.

Nafundisha sekondari. Wanafunzi wangu wangeweza kuandika mchezo wa aina hii kwa Kiswahili? (Mwalimu, Arusha)

Ndiyo, na kwa mashine ileile. Mwaka 1993 Graham Nelson alitoa Inform, lugha ya kuandikia michezo ya Z-machine, na ni bure. Tunapendekeza Inform 6, kwa sababu lugha ya mchezo imetengwa kwenye faili lake. Faili la Kiingereza linaitwa English.h. Mtalinakili, mliite Swahili.h, mlitafsiri, kisha mtumie "+language_name=Swahili" wakati wa kugeuza msimbo. Kutafsiri ujumbe ni wiki moja ya kazi ya darasa. Kazi ngumu iko kwenye kusoma amri.

Anzeni na urefu wa maneno. Kamusi ya toleo la 3 hukumbuka herufi 6 za mwanzo tu. Kwa Kiswahili hiyo ni balaa: kitambaa, kitambulisho na kitambi vyote ni "kitamb", mfanyakazi na mfanyabiashara wote ni "mfanya". Toleo la 5 hukumbuka herufi 9, hapo hao wanatengana, ila "sambaratika" na "sambaratisha" bado ni kitu kimoja. Kama simu na kompyuta za shule si za zamani sana, tumieni Glulx, mashine pepe ya Andrew Plotkin ya mwaka 1999, na juu kabisa ya msimbo muandike "!% -G" na "!% $DICT_WORD_SIZE=16". Herufi 16 zinatosha.

Amri ya kawaida ni nyepesi, maana Kiswahili kinaamrisha kwa shina tupu:

Verb 'chukua' 'okota' * multi -> Take;

Ugumu unaanza mtoto akiandika "kichukue". Humo mna kitenzi na kitu kwa pamoja, wakati maktaba ya Inform, yaani msimbo wake ulio tayari, inasubiri maneno mawili. Tumieni utaratibu uitwao LanguageToInformese, unaopewa amri kabla haijachambuliwa. Mpangilio uwe huu. Kwanza tazameni kama neno zima limo kwenye kamusi, likiwemo, liacheni. Hilo linaokoa "kimbia", "washa" na "zima", ambazo mwanzo wake unafanana na viambishi. Lisipokuwemo, ondoeni kiambishi (m, wa, u, i, li, ya, ki, vi, zi), geuzeni e ya mwisho kuwa a, mtafute tena: "kichukue" inakuwa "chukua", "iwashe" inakuwa "washa". Vitenzi vya mkopo havibadiliki mwisho, "kiharibu" ni "haribu", kwa hiyo jaribuni pia bila kugeuza irabu. Kikipatikana kitenzi, ongezeni baada yake jina la kitu cha mwisho kilichotajwa cha ngeli hiyo. Mtego mmoja: "kile" ni amri ya kula chakula, na pia ni kionyeshi. Kikiwa neno la kwanza la amri, kichukulieni ni kitenzi. Kikiwa popote pengine ni kionyeshi.

Vivyo hivyo kwa -ni ya mahali. "Weka taa mezani" inahitaji kukatwa -ni, lakini si kabla ya kutazama kamusi, la sivyo sahani na sabuni zitageuka kuwa vitu visivyojulikana. Inafurahisha kwamba kwenye toleo la 5 "kisandukuni" ikikatwa kwenye herufi ya 9 inabaki "kisanduku" yenyewe.

Kwa dira, msitumie herufi moja kama Waingereza. Kaskazini na kusini zote zinaanza na k, mashariki na magharibi na m. Wekeni kz, ks, ms na mg. Neno lenye ng' huandikwa kwa alama ya ^ ndani ya kamusi: 'ng^ombe'.

Upande wa majibu, maktaba inajua jinsia tatu, umoja na wingi, vyenye uhai na visivyo nao, jumla namna 12. Ngeli zetu hazikai humo. Undeni sifa yenu:

Property ngeli;

Object kisanduku "kisanduku" ukumbi with name 'kisanduku' 'sanduku', ngeli 7, has container openable;

Kisha utaratibu mmoja unaosoma namba hiyo (7 ni ngeli ya ki-) na kuchapisha kiambishi, ili mchezo useme kisanduku kimefungwa, mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Utaratibu huo uandikeni mapema na kila ujumbe upitie humo. Darasa litakaloandika "imefungwa" kwa kila kitu litasahihisha mamia ya mistari mwishoni.

Vyumba visizidi kumi kwa mchezo wa kwanza. Ukikamilika, kila mwanafunzi aucheze wa mwenzake baada ya kuandika "script", amri inayohifadhi mazungumzo yote kwenye faili. Kwenye mafaili hayo pekueni amri zilizokataliwa. Mtakuta wamejaribu "tazama", "angalia", "chungulia" na "cheki" kwa kitendo kimoja, na zote nne ziingie kwenye mstari uleule wa Verb kabla ya kumpa mgeni.